Tufaha na Mkate kwenye Tawi Moja

Kila ifikapo Desemba, Wakristo wengi huingiza mti nyumbani na kuupamba, na ni wachache wanaojiuliza kama vinavyotundikwa kwenye matawi vina uhusiano wowote na imani wanayoiadhimisha. Mapambo huhesabiwa kuwa suala la macho: rangi zipatane, taa ziwake, sebule ichangamke. Hata wanaorudia mtindo wa zamani wa Ujerumani, wenye matufaha mekundu, kokwa zilizopakwa rangi ya dhahabu, nyota za mabua ya ngano, keki za asali na mishumaa ya nta, mara nyingi huuchagua kwa kuwa unapendeza na una sura ya asili. Nadhani jambo hili ni la kiteolojia kabla ya kuwa la urembo. Krismasi ni sikukuu ya fundisho moja gumu, kwamba Mungu alitwaa mwili unaozaliwa, unaokula, unaochoka na unaokufa. Kitu kinachotundikwa katika sikukuu hiyo ama hulikiri fundisho hilo ama hulifunika. Vile vitu vya Kijerumani vya zamani, vinavyotoka shambani na ambavyo visipoliwa huoza, hulikiri vizuri kuliko vingi vilivyokuja kuchukua nafasi yake, ila kwa sharti kwamba simulizi yake isiachwe nyuma. Tufaha lililopoteza simulizi yake haliungami chochote, na historia ya Ujerumani yenyewe inaonyesha kwamba linaweza hata kutumikishwa na uovu.

Tuanze na ushahidi. Kwa desturi ya Wakristo wengi wa Magharibi, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, mkesha wa kuzaliwa kwake yeye ambaye Mtume Paulo alimwita Adamu wa mwisho. Katika Zama za Kati, Wajerumani na majirani zao walikuwa na desturi ya kuigiza habari za bustani ya Edeni mbele ya waumini ambao wengi hawakujua kusoma. Mchezo huo ulihitaji mti, na kwa kuwa baridi ya Ulaya huivua miti mingi majani yake, mti uliofaa ni ule unaobaki wa kijani mwaka mzima, ukatundikwa matufaha. Kitabu cha Mwanzo hakitaji jina la tunda lile. Wakristo wa Magharibi ndio waliozoea kuliona kama tufaha. Baadaye tunaukuta mti wenye matunda nje ya michezo. Hesabu za mji wa Sélestat, huko Alsace, za mwaka 1521 zinaonyesha walinzi wa msitu wakilipwa ili kulinda miti isikatwe ovyo kuelekea Krismasi. Kumbukumbu za chama cha mafundi wa Bremen za karne ya 16 zinataja mti mdogo wenye matufaha, kokwa, tende na maua ya karatasi, ambao watoto wa wanachama waliruhusiwa kuutikisa na kuokota vilivyoanguka. Na mwaka 1605 msafiri aliyefika Strasbourg aliandika kwamba wenyeji husimamisha misonobari vyumbani na kuitundika waridi za karatasi za rangi nyingi, matufaha, mikate myembamba, vipande vya dhahabu ya karatasi na sukari.

Orodha hiyo ya Strasbourg inafaa isomwe polepole. Mikate ile myembamba ilikuwa ya namna ile ile inayookwa bila chachu kwa ajili ya altare, ingawa haikuwa imewekwa wakfu. Kwa nini tunda la anguko na mkate wa Meza ya Bwana vikae kwenye mti mmoja? Jibu lilikuwa limekwisha kuchorwa zaidi ya miaka mia moja kabla. Mwishoni mwa karne ya 15, mchoraji Berthold Furtmeyr wa Regensburg alipamba kitabu cha misa cha askofu mkuu wa Salzburg, ambacho leo kinahifadhiwa Munich. Katika ukurasa mmoja wa kitabu hicho umesimama mti wenye matunda ya aina mbili. Upande mmoja Hawa anapokea tufaha kinywani mwa nyoka na kuwagawia watu, na mauti imesimama nyuma yao. Upande wa pili Maria anachuma hostia, yaani mkate wa Ekaristi, kutoka mti ule ule na kuwalisha watu wengine. Kati ya majani ya upande wa Hawa kuna fuvu la kichwa. Kati ya majani ya upande wa Maria kuna Kristo msalabani. Wazo lenyewe ni la kale zaidi. Ireneo wa Lyon, katika karne ya 2, alifundisha kwamba uasi uliotendeka kwa njia ya mti uliponywa na utii uliotendeka juu ya mti. Na katika karne ya 13 Yakobo wa Voragine alikusanya masimulizi yanayodai kwamba mbao za msalaba zilitokana na chipukizi la mti wa Edeni. Mti uliobeba tufaha na mkate kwa pamoja ulikuwa na urithi huu wote nyuma yake: pale mwanadamu alipopotea ndipo alipotafutwa, na kwa kitu cha aina ile ile alichopotea kwacho.

Vitu vingine vilivyotundikwa vilikuwa na mizizi ya namna hiyo. Katika karne ya 12 Adamu wa Mtakatifu Viktor, mtunzi wa nyimbo za ibada huko Paris, alimwona Kristo ndani ya kokwa: ganda la nje lenye ukali ni mateso ya msalaba, gamba gumu ni mwili wenye mifupa, na kiini kilichofichwa ni uungu. Waridi la karatasi liliendana na unabii wa Isaya juu ya chipukizi la shina la Yese, unabii ambao Wajerumani waliuimba kama ua lililochanua katikati ya baridi kali. Mabua ya ngano yanarejesha mawazo kwenye hori alimolazwa mtoto, na pia kwenye shamba linalotoa mkate. Nta ya nyuki ilikuwa nuru ya altare kwa karne nyingi kabla haijafika matawini. Liselotte wa Pfalz, binti wa kifalme aliyeolewa Ufaransa, alikumbuka katika barua ya mwaka 1708 jinsi miti midogo ya utotoni mwake ilivyofungwa mshumaa kwenye kila tawi. Bila shaka wazazi wengi waliotundika kokwa hawakuwahi kusikia ushairi wa Kilatini. Walitundika kilichokuwa ghalani katika mwezi ambao shamba halitoi kitu: matufaha yaliyohifadhiwa tangu mavuno, kokwa zilizokauka, unga, asali. Hilo halidhoofishi hoja, linaiongezea nguvu. Imani ilikichukua chakula cha kawaida cha nyumba, ikakipa maana kubwa, na kikaendelea kuwa chakula.

Sifa kuu ya mapambo haya, basi, ni kwamba hayadumu. Tufaha hunyauka, mkate hukauka, mshumaa hutoa mwanga kwa kujimaliza wenyewe, mabua huvunjika. Zama zetu zimeiona sifa hiyo kuwa kasoro na zikaitafutia dawa: tufaha la plastiki linalong'aa miaka 30, tawi lisilopukutika, taa isiyoungua. Lakini hebu tuitazame kasoro hiyo kwa jicho la Krismasi. Ireneo aliandika dhidi ya watu waliofundisha kwamba vitu vya mwilini ni duni mno kuguswa na Mungu wa kweli. Katika karne ya 8 Yohane wa Damasko, alipozitetea picha takatifu, alitofautisha kukiabudu kitu na kumwabudu Muumba aliyeingia katika ulimwengu wa vitu ili aukomboe. Kisha akaorodhesha vitu vilivyoutumikia wokovu, kama mti wa msalaba, mwamba wa kaburi, wino na kurasa za Injili, na meza yenye mkate. Hakuna hata kimoja katika orodha hiyo ambacho muda hauwezi kukila. Ikiwa Mungu hakuona haya kutwaa mwili unaoweza kuoza, basi kuharibika si aibu ya kufichwa siku ya kuzaliwa kwake. Kutoharibika kunakohubiriwa na Paulo huja kwa kupitia mauti na ufufuko, hakuji kwa kuikwepa mauti. Pambo lisilozeeka hutoa ahadi ambayo Krismasi haitoi: uzuri usiogharimu kitu, uhai usiopita kaburini. Simhesabii mtu dhambi kwa kulitundika. Nasema tu kwamba siku hiyo lina ujumbe tofauti na Injili inayosomwa kanisani.

Lipo jambo la pili, na kwangu lina uzito uleule. Kinacholiwa lazima kigawanywe. Watoto wa Bremen walisubiri siku ya kuutikisa mti, na katika nyumba nyingi za Kijerumani keki na matunda viliachwa matawini mpaka siku za Epifania, Januari 6, ndipo watoto wakaruhusiwa kuvishusha na kuvila. Hii ni simulizi ya Edeni iliyosahihishwa. Kosa la bustanini halikuwa utamu wa tunda. Lilikuwa mkono uliochukua kisichotolewa, kwa kukosa imani kwamba Mungu angetoa kilicho chema kwa wakati wake. Mtoto anayeliona tufaha kwa wiki mbili bila kuligusa, kisha akapewa pamoja na wenzake, anajifunza kwa mwili wake kinyume cha lile kosa: kungoja, kupokea, kushiriki. Hapo pia ndipo lilipo jibu kwa anayelalamika kwamba kutundika chakula ni kukichezea ilhali wako wenye njaa. Angekuwa na haki kama chakula hicho kingeachwa kioze matawini. Desturi yenyewe ilitaka kiliwe, na kiliwe na wengi. Anayeifuata kwa dhati atajiuliza pia ni watoto gani wa jirani hawajaalikwa kuutikisa mti.

Pingamizi la kwanza na linalosikika zaidi ni kwamba mti wenyewe ni upagani, na sura ya 10 ya Yeremia hutajwa kama hukumu ya mwisho. Humo nabii anasema juu ya mti unaokatwa msituni, ukachongwa na fundi, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, ukakazwa kwa misumari usije ukaanguka. Anayeendelea kusoma mistari inayofuata ataona kwamba nabii anazungumzia sanamu inayoombwa: kitu kisichosema, kisichotembea, kinachobebwa, na ambacho watu wanakiogopa kama chenye uwezo wa kudhuru au kusaidia. Hakuna anayeupigia magoti mti wa Krismasi ili ampe mvua. Hata hivyo kipimo cha Yeremia ni halali, na kila kitu cha nyumbani kinapaswa kupita chini yake: je, moyo unakitegemea? Historia ya uinjilishaji wa Wajerumani inatoa mfano unaofundisha. Karibu mwaka 723 mmisionari Bonifasi aliukata mwaloni uliowekwa wakfu kwa mungu Donar, huko Geismar katika nchi ya Hesse. Masimulizi ya baadaye yaliongeza kwamba msonobari mchanga ulichipuka mahali pale, ila Willibald, aliyeandika maisha ya Bonifasi muda si mrefu baada ya kifo chake, hana habari hiyo. Anachokisimulia ni kikubwa zaidi: kwa mbao za mwaloni ule ule Bonifasi alijenga kanisa dogo kwa heshima ya Mtakatifu Petro. Angeamini kwamba laana imo ndani ya mbao, angeziteketeza. Alijua kwamba ubao ni kiumbe cha Mungu, na kwamba kinachobadilika ni jina linaloitwa juu yake.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya Kanisa, tena kwa mtu aliyeuona mti huo kwa macho yake. Katika miaka ya 1640 Johann Konrad Dannhauer, mhubiri na profesa wa teolojia huko Strasbourg, alilalamika kwamba Krismasi ilikuwa ikisherehekewa kwa mambo ya kipuuzi kuliko kwa Neno la Mungu, na miongoni mwa hayo akautaja mti unaosimamishwa nyumbani, ukatundikwa wanasesere na sukari, kisha ukatikiswa. Akasema hajui desturi hiyo ilitoka wapi, na kwamba ingekuwa bora watoto waelekezwe kwa Kristo, mwerezi wa kiroho. Napenda uaminifu wa mtu huyu, na sidhani alikosea kuhusu hatari. Lakini tazama anachokiona. Katika mji ule ule ambako miaka 40 hivi nyuma msafiri aliorodhesha matufaha na mikate, malalamiko yake yanataja wanasesere na sukari, na mchungaji msomi hana tena simulizi ya kuuelezea mti. Tunachokiona katika lalamiko lake ni mti ulioachwa bubu. Augustino, alipoeleza ubatizo, alifundisha kwamba maji bila neno hubaki kuwa maji tu. Neno linapoungana na kitu ndipo kitu hicho kinapokuwa ishara ya wokovu. Mti wa Krismasi si sakramenti na haupaswi kukwezwa hadi hapo, lakini kanuni hiyo inauhusu kwa ngazi yake ya chini. Tiba ya kitu kilichonyamaza ni kukirudishia neno. Kukitupa nje kunamwacha mtoto na neno lisilo na kitu cha kushika, na watoto, kama watu wazima, hukumbuka kwa mikono na kwa ulimi pia.

Kanuni hiyo hiyo inajibu pingamizi la tatu, ambalo ni zito kuliko yote kwa anayesifia vitu vya asili kwa mtindo wa Ujerumani. Kati ya mwaka 1933 na 1945 utawala wa Wanazi ulijaribu kuigeuza Krismasi kuwa sikukuu ya jua na ya damu ya taifa. Hori na nyota ya Bethlehemu vilisukumwa pembeni, magurudumu ya jua yakaletwa mahali pake, na familia zikafundishwa kutengeneza mapambo na kuoka biskuti zenye alama za utawala. Walifanya hivyo kwa unga ule ule, kwa mabua yale yale, kwa misonobari ile ile ya misitu ya Ujerumani, na kwa maneno matamu juu ya udongo, mababu na asili. Yeyote anayedhani kwamba kitu kikitoka shambani basi ni kisafi kiroho anapaswa kukaa na ukweli huu kwa muda mrefu. Asili haijihubiri yenyewe. Ngano inaweza kuokwa mkate wa Ekaristi, na inaweza kuokwa alama ya chuki. Ndiyo maana sikusema kwamba mapambo ya asili ni matakatifu kwa kuwa ni ya asili. Nilichosema ni kwamba kuharibika na kulika kwake kunayafanya yafae sana kulibeba fundisho la Mungu aliyefanyika mwili, na kwamba yanalibeba pale tu simulizi ya fundisho hilo inapokuwa hai nyumbani. Palipo na mtoto aliyezaliwa na Myahudi huko Bethlehemu, alama ya kujisifu kwa taifa au rangi haina pa kutundikwa.

Wengine watasema hoja hii inawadharau mafundi maskini, na inawapa sifa ya uchaji matajiri wanaoweza kununua nyota za mabua zilizosukwa kwa mkono. Mfano wao ni Lauscha, mji wa wapuliza kioo katika milima ya Thüringen, ulikozaliwa utengenezaji wa mapambo ya kioo katikati ya karne ya 19. Huko husimuliwa kwamba fundi mmoja, kwa kukosa fedha za kununua kokwa na matufaha ya kuwatundikia watoto wake, alivipuliza kwa kioo. Iwe ilitokea hivyo au la, masimulizi yenyewe yanajua kilichotangulia: kioo kilikuja kama kumbukumbu ya tunda, na mapambo mengi ya kwanza yalikuwa na sura ya matunda na kokwa. Kazi hiyo ilifanyika majumbani, familia nzima pamoja na watoto wakipuliza, wakipaka rangi na kufunga, kwa ujira mdogo, na kabla karne hiyo haijaisha bidhaa zao zilikuwa zikiuzwa Marekani katika maduka ya F. W. Woolworth. Siwezi kuidharau kazi ya watu wale. Kioo ni mchanga na pumzi ya mtu, na kinavunjika, hakidai umilele. Kipimo changu si bei, wala si kupiga marufuku kila kisichoota. Ninauliza kila kitu kinasema nini, na jibu kwa tufaha la kioo ni kwamba linakumbuka vizuri, ila halilishi. Upande wa pili, mapambo ya asili yanapogeuka seti ya dukani yenye bei ya kuwatisha majirani, yamekwisha kukana chanzo chake, maana chanzo chake kilikuwa ghala la nyumba ya kawaida.

Linabaki swali la Mkristo wa Afrika Mashariki: haya yote ni ya Wajerumani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwanza kwa njia ya historia. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania mwaka 1891, na wale wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893. Makanisa yaliyotokana na kazi yao yana mamilioni ya waumini, na Krismasi ya Kijerumani ni sehemu ya urithi waliokutana nao. Lakini urithi unaweza kuigwa kwa sura yake au kueleweka kwa sababu yake. Anayeiga sura atanunua theluji ya pamba na tufaha lililosafirishwa kutoka mbali. Anayeelewa sababu atauliza swali walilouliza watu wa Strasbourg bila kujua: nyumba yangu ina nini mwezi huu, na kitu hicho kinaweza kukiri nini? Desemba ya Tanzania ni msimu wa maembe. Maganda makavu ya mahindi hufungika kuwa nyota sawa na mabua ya ngano, na ukindu unasukika. Kwa Wachaga, jani la isale ni ishara ya kuomba msamaha na kupatana, na anayeletewa isale anajua amejiwa kwa amani. Sioni pambo litakalosema habari ya Mungu aliyekuja kupatana na watu kwa uwazi zaidi ya hilo, mbele ya watu wanaolielewa tangu utotoni. Atakayesema kwamba isale ina historia ya kabla ya Ukristo atakuwa amesema kweli, na jibu lake limo katika mbao za mwaloni wa Geismar.

Kutokana na hoja hii yanafuata mambo machache yanayoweza kufanyika katika nyumba yoyote. Kitu kinachotundikwa kisimuliwe: mzazi anayeweka tunda matawini aeleze habari ya Adamu na Hawa tarehe 24, na anayetundika mkate aeleze ni mkate gani unaokumbukwa. Kinacholika kiliwe, kwa siku iliyopangwa na pamoja na wasio wa nyumba hiyo. Kisicholika kirudi kwenye udongo bila majonzi, maana kimemaliza kazi yake. Kilichonunuliwa kwa ajili ya kujionyesha kiachwe, hata kama kimesukwa kwa mabua halisi. Hakuna ulazima katika haya. Krismasi iliadhimishwa karne nyingi kabla ya mti wowote kusimama sebuleni, na inaweza kuadhimishwa bila mti leo. Lakini anayeuweka mti anakuwa amelisimamisha fundisho nyumbani mwake, atake asitake, na watoto wake watalisoma. Kanisa linalokiri kwamba Mungu alikubali kuwa miongoni mwa vitu vinavyokufa halina sababu ya kuona haya kwa kutundika tunda litakaloliwa kesho. Litakuwa na sababu ya kuona haya kama mtoto atalila bila kuambiwa na mtu yeyote kwa nini lilitundikwa.